Pampu Iliyokula Mchanga

Anayeuza pampu kuukuu hapa Kola huipangusa vumbi, hulipaka tangi lake rangi nyekundu, huitia plagi mpya, kisha huiwasha kabla mnunuzi hajafika ili aikute moto. Simlaumu. Hata mwenye kupeleka ng'ombe mnadani humwogesha kwanza. Lakini nikifika mimi huomba injini izimwe ipoe, halafu huomba spana. Nataka ganda la pampu lifunguliwe nione impela, kwa sababu katika nchi hii ya mito ya mchanga thamani ya pampu haikai kwenye injini inayopiga kelele nzuri. Inakaa kwenye kingo za kile kisahani cha chuma kinachozunguka ndani, ambako mchanga umekuwa ukisaga tangu siku ya kwanza.

Nilifundisha fizikia katika shule za sekondari za upande huu wa Kalama mpaka nikastaafu. Tangu hapo vikundi vya wakulima huniita nikague pampu kabla hawajatoa pesa za chama, na kwa kuwa pesa hizo ni za akina mama waliouza sukuma wiki na nyanya fungu kwa fungu, kazi hii naifanya kwa makini kuliko nilivyowahi kusahihisha mitihani. Na kila ninapoifanya narudi kwenye historia, maana pampu ya hapa haiwezi kupewa bei na mtu asiyejua mchanga wetu ulitoka wapi.

Kola iko vilimani, kwenye barabara itokayo Machakos kwenda Wote. Mito yake huonekana ikiwa na maji kwa saa chache baada ya mvua kubwa, kisha maji hushuka chini ya mchanga na juu hubaki njia nyeupe ya kupitisha punda. Zamani mama zetu walikwenda huko alfajiri, wakachimba shimo kwa mikono, wakasubiri maji yachuruzike, wakayateka kwa kibuyu kidogo kidogo hadi mtungi ujae. Ukifika umechelewa, shimo limekauka na foleni bado ndefu. Miezi ya Agosti na Septemba shimo lilikuwa refu kiasi cha mtu mzima kuzama ndani, na mtoto aliyetumwa kuteka alishikwa mkono na mwenzake asifunikwe na kingo.

Mchanga huo mwingi si wa tangu kale. Mwaka 1937 mtaalamu wa udongo wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti juu ya Ukambani, nchi hii ya Wakamba, iliyoeleza vilima vilivyochunwa ngozi na makorongo yaliyopasua malisho. Udongo laini ulichukuliwa na mafuriko hadi mto Athi na baharini, na chembe nzito zikabaki mitoni. Serikali ilisema kosa ni la ng'ombe. Haikusema sana juu ya ardhi nzuri iliyokuwa imetwaliwa na walowezi, ikawafungia Wakamba na mifugo yao mahali padogo. Mwaka 1938 ikaanza kuwanyang'anya watu ng'ombe na kuiuza mifugo hiyo kwa nguvu, wakati ambapo kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River kilikuwa kinaihitaji. Ndipo Muindi Mbingu alipowaongoza watu, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda kwa miguu hadi Nairobi kumwona gavana, wakapiga kambi wiki kadhaa bila kutawanyika. Yeye alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, lakini uuzaji wa nguvu ulisimamishwa.

Babu yangu alisimulia minada ile kwa uchungu uleule miaka thelathini baadaye. Kilichomuuma hakikuwa bei peke yake. Mthamini aliangalia kilo za nyama akaandika tarakimu, hakuuliza kama ng'ombe ana maziwa, kama amefundishwa kuvuta jembe la plau, wala kama ni wa mahari ya binti wa nani. Mnyama aliyelimia familia nzima alipewa thamani ya supu. Mimi nilikua nikisikia hayo kabla sijajua kusoma, na nadhani ndiyo sababu hadi leo siwezi kukipa kitu bei kabla sijauliza kitafanya kazi gani, wapi, na kwa nani.

Baadaye vilima vilianza kushikwa. Matuta yalichimbwa, kwanza kwa amri ya serikali na watu wakayachukia, kisha kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja ambayo majirani huitana wenyewe, na hapo yakaenea kila boma. Mchanga uliokwisha kufika mitoni nao ukapata kazi. Miaka ya 1950 maofisa wa kilimo walijenga Ukambani mabwawa machache ya mchanga, mengine yakasahauliwa. Hapa kwetu jambo hili lilirudi mikononi mwa wenyeji mwaka 1978, Joshua Mukusya alipoanzisha kikundi cha Utooni. Walijenga ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba, kukata mto kutoka ukingo hadi ukingo. Mvua ikija, mafuriko hutua mchanga mzito nyuma ya ukuta na kupitisha tope laini juu yake. Baada ya misimu michache nyuma ya ukuta pamejaa mchanga mtupu, na katikati ya chembe zake mna maji, robo ya ujazo wote au zaidi. Jua haliyafikii, mbu hawazaliani, na mto uliokuwa ukikauka Julai ukawa na maji hadi mvua za Oktoba.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini kikundi kile kilipoanza. Mawe yalibebwa mabegani na vichwani, na wengi wa wabebaji walikuwa wanawake. Walioona wakacheka walikuwepo. Kisha ukaja mwaka 1984, ukame ambao Wakamba waliuita Nikwa Ngwete, nakufa huku nimeshika pesa. Mshahara wangu wa ualimu ulikuwa mfukoni na maduka ya Machakos hayakuwa na mahindi, hadi yale ya manjano ya kutoka ng'ambo yalipoletwa. Mwaka ule noti ilionyesha mpaka wake. Ukuta wa mawe uliozuia mchanga ulionekana una thamani gani bila mtu kuuwekea tarakimu.

Maji yakishakuwepo, swali linakuwa ni jinsi ya kuyapandisha. Mabwawa kadhaa yalichimbiwa visima pembeni na kuwekewa pampu za mkono za Afridev, aina iliyotengenezwa na kujaribiwa katika visima vya Kwale miaka ya 1980 ili wanakijiji waweze kuifungua wenyewe. Kisha ikaja pampu ya kukanyaga kwa miguu, MoneyMaker, ya shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 1991 kwa jina la ApproTEC, ambalo sasa ni KickStart. Nimeikanyaga hiyo asubuhi nyingi na mapaja yangu yanaikumbuka, ila haikuniomba petroli hata siku moja. Injini ya kwanza niliyoiona ikivuta maji bondeni kwetu ilikuwa Lister ya dizeli, kizito kile cha gurudumu kubwa kinachopiga polepole, iliyokuwa imetoka kwenye kiwanda cha kahawa. Bei ya kahawa duniani ilianguka mwaka 1989, na mitambo mingi iliyokuwa ikimenya buni ikakosa kazi. Jirani aliinunua, akaifunga mkanda hadi kwenye pampu, na bonde zima likawa linajua saa anayomwagilia.

Lister ilifundisha watu wa hapa jicho la kwanza la kununua. Injini ya namna ile unaisikiliza. Inapiga mapigo sawasawa, au kuna pigo linalorudi na mlio wa chuma kugonga chuma chini? Unalizungusha gurudumu kwa mkono uone kama linayumba. Unatazama kama msingi wake una ufa uliopakwa rangi. Lakini Lister hainyonyi maji yenyewe, na kwa hiyo mafundi wa enzi hiyo walijua injini kuliko pampu. Jicho la pili lilikuja na pampu ndogo za petroli, zile ambazo injini na pampu ni kitu kimoja. Honda ilianza kuuza injini zake za GX mwaka 1983, na miaka iliyofuata aina hiyo na nakala zake za China zikajaza barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Zilipochakaa zikaanza kusafiri. Nyingine hutoka maeneo ya ujenzi, ambako zilikuwa zikikausha misingi ya maghorofa na kumeza saruji na kokoto. Nyingine hutoka kwa wakulima wa kando ya mfereji wa Yatta, mfereji uliochimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la watu waliowekwa kizuizini wakati wa Mau Mau. Ya ujenzi naiogopa. Ya Yatta imekunywa tope, na tope halisagi chuma kama mchanga wa mto.

Majuzi kikundi kimoja cha akina mama kilinipeleka kwa kijana aliyekuwa na pampu ya inchi mbili, Honda halisi, akitaka shilingi 28,000.

"Mwalimu, hii haina shida yoyote. Ni ya mzungu mmoja, alikuwa anamwagilia maua tu."

"Sawa, kijana wangu. Tuifungue."

Kabla ya kufungua nilizima swichi nikavuta kamba ya kuwashia taratibu. Injini yenye pumzi hukataa mkono wako mahali pamoja katika kila mizunguko miwili, na hii ilikataa vizuri. Nikachomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi hainitishi, inayonitisha ni ile yenye rangi ya chai ya maziwa, kwani hiyo imeingiliwa na maji. Plagi ilikuwa mpya, kwa hiyo haikuwa na habari ya kunipa, nikamwomba ile ya zamani. Alikuwa ameitupa. Tulipoiwasha ikiwa baridi ilitoa moshi kidogo wa buluu kisha ukakoma. Ungeendelea ningesema ringi zimekwisha.

Halafu tukafungua ganda. Impela nzima ina kingo butu na nene, ukipitisha kidole unahisi ukuta. Iliyosagwa na mchanga huwa nyembamba kama wembe, na mara nyingine ina vijishimo. Ile ya kijana ilikuwa imeliwa upande mmoja, na uwazi kati yake na ganda ulipitisha msumari. Maji yanayosukumwa na impela ya namna hiyo hurudi nyuma kupitia uwazi huo na kuzunguka mle ndani bila kupanda. Injini inanguruma kwa nguvu zake zote, mpira unatoa maji ya kuoshea vyombo. Na pale ambapo pampu inaungana na injini palikuwa na alama ya kutu iliyochuruzika, dalili kwamba sili imekwisha na maji yanaelekea kwenye ekseli.

Jicho hili la kuangalia impela kwanza wanalo pia watu walio mbali sana na Ukambani, wale wanaonunua boti za jeti zilizokwisha kutumika. Boti ya jeti ni pampu iliyojengewa boti. Bill Hamilton, mfugaji wa kondoo wa Irishman Creek huko New Zealand, aliyekuwa amezoea kujitengenezea mitambo ya maji shambani kwake, alitaka kupanda mito ya kwao yenye maji ya kufika magotini na kokoto tupu, mahali ambapo rafadha ingevunjika. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 akaunda boti inayovuta maji kupitia wavu ulio chini yake na kuyatupa nyuma kwa nguvu. Mwaka 1960 boti zake zilipanda mto Colorado katika korongo kuu la Marekani. Mwishoni mwa 1974 na mwanzoni mwa 1975 zilikuwamo katika msafara wa John Blashford-Snell kwenye mto Kongo, uliofuata njia ya mpelelezi Stanley baada ya miaka mia moja. Mnunuzi wa boti kama hiyo anaweza kupumbazwa na viti na rangi, lakini anayeijua huchutama nyuma, akamulika ndani ya bomba, akapima uwazi kati ya impela na pete inayoizunguka. Kokoto zikishaupanua uwazi huo, injini inapaa kwa mlio na boti haisogei. Mfugaji wa New Zealand na mkulima wa Kola wanapoteza nguvu zao mahali pamoja.

Ukaguzi wa mwisho ni wa pipa. Kibandiko cha pampu ya inchi mbili kwa kawaida huahidi kama lita 600 kwa dakika, yaani pipa la lita 200 kwa sekunde ishirini. Ahadi hiyo ni ya maji yasiyopandishwa popote. Mimi hutaka pipa liwekwe pale shamba lilipo, juu ya kilima, na mpira uwe uleule utakaotumika. Pampu nzuri ya mtumba ikilijaza chini ya sekunde arobaini na tano, nakubali. Ya kijana tuliisubiri dakika moja na nusu, na mwenyekiti wa kikundi ndiye aliyeshika saa.

Kuna jambo jingine ambalo kibandiko hakisemi, nalo nililifundisha darasani miaka mingi nikiwa na glasi na mrija. Pampu haivuti maji. Inaondoa hewa mpirani, na hewa ya dunia iliyo nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Pwani, uzito wa hewa hiyo unaweza kuyapandisha hadi mita kumi na kitu kwa hesabu ya kitabu. Huku juu, mita 1,500 na zaidi toka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na hesabu hiyo hushuka hadi kama mita nane na nusu, na kwa pampu yenye sili ya uzee usitegemee zaidi ya mita sita. Injini nayo inapungukiwa pumzi, kama asilimia kumi na tano. Pampu iliyokuwa ikitosha Malindi inaweza kuwa mzigo Kola. Kwa hiyo kabla ya bei nauliza: mwezi wa tisa, maji ya kisima chenu yako chini kiasi gani?

Wakijibu mita nane, najua kitakachofuata, nami nalisema mapema kwa sauti. Mtu atashawishika kuiteremsha injini kisimani ili iwe karibu na maji. Msifanye hivyo. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na kisimani haina pa kutokea. Anayeshuka kuizima huanguka, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Hakuna shamba la nyanya linalolingana na uhai wa mtu. Heri kununua pampu ya kuzamishwa, au kumwagilia kwa ndoo.

Siku hizi nauliza pia habari za malori. Nairobi inajengwa kwa mchanga wa Ukambani, na mito kadhaa ya kaunti zetu imekombwa hadi mwamba ukaonekana. Serikali ilitoa miongozo ya uvunaji wa mchanga mwaka 2007, Makueni wakatunga sheria yao mwaka 2015, na Machakos nayo ina sheria yake, lakini malori hupita usiku. Mto usio na mchanga hauna maji baada ya mvua kupita. Nimekataa pampu nzuri kabisa, impela nene na sili kavu, kwa sababu nilikwenda mtoni na kukuta alama za magurudumu na mwamba mtupu nyuma ya ukuta. Mwenye kuuza aliona namwonea. Niliwaambia wanakikundi kwamba pesa ile iende kwa mlinzi na kwa kesi pale ofisini kwa chifu, na pampu tutaitafuta mchanga ukirudi.

Pampu za jua zimeanza kuingia bondeni na bei ya zile za petroli inashuka. Nimezifurahia, maana hazina moshi wa kuua mtu kisimani wala deni la petroli dukani. Hata hizo nikiletewa ya mtumba nauliza ilikuwa inanyonya wapi, kwa kuwa sehemu yake inayozunguka huliwa na mchanga vilevile, na inakaa gizani chini ambako hakuna anayeiona.

Kijana wa Honda hatukumwacha mikono mitupu. Injini ile ilikuwa na maisha mengine ndani yake. Tulikaa kwenye kivuli cha duka tukapiga hesabu mbele yake: impela mpya, sili, gasketi, nauli ya kwenda Kirinyaga Road na kurudi, siku moja ya fundi, na mpira wa kunyonya, kwa kuwa wake ulikuwa na ufa uliofungwa kwa utepe. Tukatoa yote hayo kwenye 28,000 yake. Alibisha juu ya mpira, mwenyekiti akamwonyesha ufa. Wakakubaliana 15,500, na ile 1,000 ya mwisho ikawekwa kwa mwenye duka hadi pampu itakapojaza pipa kilimani kwa muda tuliouandika kwenye daftari la kikundi. Nikawashauri jambo moja zaidi, na wameshalianza: wachimbe kisima pembeni mwa bwawa, watie ringi za saruji, na kati ya kisima na mto waweke bomba lenye matundu lililozungushiwa kokoto safi, ili maji yaingie na mchanga ubaki mtoni.